Usiruke Kurasa za Chizu na Ryu

Mara ya kwanza kuisoma Kimi ni Todoke, manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya mapenzi ya shuleni, nilifanya kosa ambalo mpaka leo najilaumu. Kila nilipofika sura ya Chizu na Ryu, au ya Ayane, marafiki wa steringi, nilisukuma kidole mbele haraka haraka nimtafute steringi mwenyewe, Sawako, na Kazehaya wake. Hao wengine nilishawaona ni wapambe tu. Nikafika juzuu ya 30, ya mwisho, Sawako, Chizu na Ayane wanamaliza sekondari na kila mmoja ana njia yake, nami sielewi Ayane amebeba nini moyoni. Nilikuwa kama mgeni wa harusi aliyeingia ukumbini sahani zinaoshwa.

Ikabidi nirudi juzuu ya kwanza. Likizo nzima ya Desemba ikaishia hapo, na bando lake.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua kanuni: steringi hafi. Manga za mapenzi za wasichana, zile Wajapani wanaziita shojo, nazo zina yake: steringi hakosi mchumba. Sawako ni binti mpole ambaye wenzake wanamwogopa kwa nywele zake ndefu nyeusi, wakambandika jina la Sadako, yule mzuka wa sinema. Kazehaya, kijana anayependwa na kila mtu, anamsalimia kwa tabasamu. Basi, umeshajua wataishia wapi. Unabaki kufurahia mwendo tu.

Chizu yeye hajaahidiwa kitu. Amempenda Toru, kaka yake Ryu, kwa miaka, na Toru anarudi nyumbani na mchumba wake. Huku Ryu, mcheza besiboli mwenye maneno ya kuhesabika, amempenda Chizu muda wote huo, na Chizu anamchukulia kama ndugu, mtoto wa jirani ambaye baba yake ana mkahawa wa rameni. Hapa mwandishi, Karuho Shiina, ana uhuru wa kufanya lolote. Ndiyo maana kwenye kurasa za Chizu nilisoma nimeshika shavu, wakati kwenye za Sawako nilikuwa nakunywa chai yangu kwa raha.

Sasa ushauri wenyewe. Unaposoma shojo, tazama maneno yanayoelea nje ya viputo, vile viduara vya mazungumzo. Viputo ni vya kusema kwa mdomo. Yale yanayoelea kwenye nafasi tupu ni sauti ya moyo, na kwa kawaida moyo huo ni wa steringi. Ukiona ghafla yamehamia kwa rafiki, punguza mwendo, maana hadithi imebadilisha mwenyewe kwa muda. Chizu anapewa sauti hiyo, Ayane pia. Ryu hapewi kwa wingi, kwa hiyo yeye msome kwa macho: amesimama wapi, anamtazama nani, nani anazungumza huku yeye amenyamaza. Mimi nilikuwa nasoma maneno tu, kama mtu anayesoma gazeti, na Ryu akanipita kabisa.

Usidhani pia kwamba sura hizi ni za kujazia. Kimi ni Todoke ilitoka kwenye Bessatsu Margaret, jarida la kila mwezi, na ilikoma mwaka 2017. Sawako na Kazehaya wanakuwa wapenzi kabla hata mfululizo haujafika nusu. Sasa kurasa zote zilizobaki zijazwe na nini, ugomvi wa wapenzi wale wale? Kwa maoni yangu Shiina alifanya la busara kuwageukia marafiki, na nusu ya pili ndiyo bora zaidi. Najua wapo watakaonirushia mawe.

Lakini aliyenifundisha zaidi ni Hatori, mhusika wa pembeni wa Fruits Basket, manga nyingine, kazi ya Natsuki Takaya yenye juzuu 23. Hatori ni daktari wa ukoo wa Sohma, na ana uwezo wa kufuta kumbukumbu za watu. Alimpenda Kana, msaidizi wake. Walipotaka kuoana, Akito, mkuu wa ukoo, alipandwa na hasira akamjeruhi Hatori jicho la kushoto. Kana akajitupia lawama mpaka akaugua, na Hatori akamfutia kumbukumbu zote za penzi lao kwa mkono wake mwenyewe, ili apone. Kana akaja kuolewa na mwingine bila kujua. Wakati fulani alikuwa amemuuliza Hatori theluji ikiyeyuka inakuwa nini. Hatori akajibu maji, naye akamwambia inakuwa majira ya kuchipua. Nilifunga simu nikaenda kukaa nje.

Na pembeni ya pembeni yupo Mayuko, rafiki wa Kana, aliyempenda Hatori kimya kimya tangu Hatori alipokuwa na Kana, asitamani waachane. Kama ni mtu wa kuruka kurasa, huyu hutamwona kabisa.

Kwa anayetazama anime tu, yaani katuni za video za Kijapani: ile Fruits Basket ya 2001 iliishia njiani, tazama ya 2019 hadi 2021, inafika mwisho. Kimi ni Todoke ilisimama mwaka 2011 na msimu wa tatu ukaja 2024, kwa hiyo mashabiki wa Chizu walingoja miaka 13. Manga ingewamalizia kiu zamani.

Moja halinipendezi, na mwenye mabinti wanaosoma alijue: manga hizi hupenda mno kumfanya mwalimu awe mtu wa kupendwa na mwanafunzi. Ayane naye anampenda mwalimu wao, Pin. Afadhali Pin hamkubalii, na anamjibu kwa heshima.

Ukimaliza juzuu 30, usiweke simu chini bado. Kurumi, yule mrembo aliyemfitini Sawako mwanzoni, alipewa hadithi yake ya juzuu tatu, pamoja na Eiji, binamu wa Sawako. Mimi nilimchukia Kurumi miaka mingi. Juzuu hizo tatu nilizimaliza usiku mmoja, na asubuhi nikachelewa kazini.