Kuku ndani ya beseni la jirani

Swali lenu la wiki, "Je, mtu anaweza kuishi maisha ya shamba, ya kijani, akiwa mjini?", limenigusa pabaya. Nikisikia "maisha ya kijani" namwona mtu wa Mbezi Beach, hapa Dar, mwenye kiwanja, bomba la kwake na kijana wa bustani. Sisi wa Manzese tunaotumia uani mmoja wapangaji sita, kijani chetu ni mchicha wa bonde la Msimbazi, na uchafu wa maji yanayoumwagilia tunaujua. Kwa hiyo mimi nauliza vingine: unafuga kwa ruhusa ya nani?

Mwaka juzi mama aliniletea mtetea kutoka Singida, ndani ya tenga. Alitaga vizuri bandani. Siku ya kuatamia akahama, akajilaza kwenye beseni la kufulia la mama wa chumba cha mbele, na kila aliyesogea alidonolewa. Nilijiandaa kutukanwa. Yule mama alikuja na nguo zake begani, akamtazama, akasema: "Muache. Ukimhamisha atasusa. Lete mayai."

Nikayaleta, kumi na mawili. Siku 21 yule mama akafulia kwenye ndoo, na foleni ya kamba ya kuanikia ikavurugika nyumba nzima. Usiku wa saba tuliyamulika kwa tochi ya simu, yeye akiyashika, mimi nikitafuta mishipa ya damu, dalili ya kifaranga. Matatu hayakuwa na kitu. Tisa yakaanguliwa.

Siku ya pili kunguru wakabeba vifaranga wawili. (Kunguru wa Dar nao wahamiaji, asili yao India, walianzia Zanzibar.) Mama yule akaingia ndani, akatoka na rangi ya ukili, ile ya zambarau, akawachovya saba waliobaki mmoja mmoja bila hata kuniuliza. Kunguru wakabaki juu ya bati wakigeuza vichwa. Hakuguswa tena hata mmoja. Labda ni rangi, labda walishashiba kwingine.

Vifaranga walipokua, wawili wakawa majogoo. Kijana wa chumba cha mwisho anafanya kazi usiku, analala mchana. Alinisemesha mara mbili. Mara ya tatu akaenda kwa mwenye nyumba. Alikuwa na haki. Tukawachinja Idi, naye akala paja.

Nilikaa kuandika kwamba haya ni mambo ya wenye viwanja, basi. Sasa nikijisoma naona yule wa Mbezi Beach angemkosa huyo wa kumwazima beseni. Haya, jibu langu ni ndiyo, inawezekana, ila jogoo hapana, chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku, kila miezi mitatu bila kukosa, na kama maji unanunua kwa dumu, usiyamwage kwenye bustani. Matembele yangu ya kwenye viroba yanakunywa maji niliyooshea mchele. Na msiige nyumba yetu: mwenye nyumba hajawahi kukubali, amenyamaza tu, na kunyamaza kwake kunaweza kuisha siku ya kodi.

Mtetea mwenyewe nilimwachia yule mama, maana kuku huyo alikataa katakata kutoka chumba cha mbele. Siku hizi mayai nanunua kwake, na hanipunguzii hata shilingi.