Mshahara ukipanda, sahani ya wali inapanda kiasi gani?

Mkuu, umeuliza kama kima cha chini cha mshahara kikipanda asilimia 35 na bei nazo zitapanda asilimia 35. Nina mgahawa Ngamiani, hapa Tanga, mwaka wa tisa huu. Jibu langu ni hapana, ila twende na hesabu ya jikoni kwangu.

Mei Mosi 2025 Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Vijana wangu wanne haliwahusu, lakini redio wanasikiliza. Wakaja. Nilikuwa nawalipa 7,000 kwa siku, nikapandisha hadi 9,000. Nyongeza yote 8,000. Kwa siku nilikuwa natoa sahani 120 za wali samaki kwa 2,500, kwa hiyo kila sahani iliongezeka gharama ya shilingi 67. Ujira umepanda karibu asilimia 29, bei ilitakiwa isifike hata asilimia 3. Kinachokula hela mgahawani si muosha vyombo. Ni mchele, mafuta, mkaa, na samaki, ambaye bahari ikichafuka, pale Deep Sea, soko letu la samaki, hashikiki.

Huko New Jersey, Marekani, mwaka 1992 kima kilitoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Wachumi Card na Krueger wakakuta bei ya vyakula vya haraka imepanda kama asilimia 4 tu zaidi ya jimbo jirani la Pennsylvania.

Sasa nikiri. Shilingi 67 utamdai nani? Hata 2,600 ni ugomvi wa chenji kila mchana. Nikaweka 3,000. Mzee mmoja, mteja wangu wa siku zote, akamtazama kibua kwenye sahani, akaniuliza, "Mwanangu, na huyu naye kaongezewa mshahara?" Nikajifanya nahesabu hela. Jirani yangu hakugusa bei, ila chapati zake siku hizi ukiinua moja unaona barabara.

Anayeniuzia mafuta ya kula yeye alipandisha dumu Mei ile ile, mshahara wenyewe ukiwa bado miezi miwili. Nikamwambia, wewe huna hata mfanyakazi mmoja. Akacheka: "Hela zinakuja mjini, kaka."

Yule mzee bado anakuja. Anaagiza wali maharage.