Chawa wa mtoto: kitana na mafuta vinatosha

Pole dada. Kwa huyo binti yako aliyerudi na chawa, usimpake mafuta ya taa wala dawa ya mende hata jirani akuapie. Ni sumu, na mafuta ya taa yanashika moto.

Kunyoa ndiyo njia ya mkato. Kama hataki, fumua nywele zote, zilowanishe, mpake mafuta ya nazi mengi (hata kondishena ya bei rahisi sawa), kisha chana kwa kitana cha meno yaliyobanana, fungu kwa fungu, kuanzia kwenye ngozi. Kila ukivuta, pangusa kwenye kitambaa cheupe: utawaona, kama punje za ufuta zenye miguu. Nyuma ya masikio na kisogoni ndiko wanakojazana.

Mayai huanguliwa ndani ya siku 7 hadi 10, ndiyo maana wengi hudhani wamemaliza kumbe bado. Rudia kila baada ya siku 3 kwa wiki 2. Kagua na wanaolala naye. Foronya fua kwa maji ya moto. Godoro liache tu, chawa akitoka kichwani hamalizi siku 2.