Kihisi cha sukari chini ya ngozi: dai liandikwe kwa msimbo upi?

SWALI: Ndugu Mhariri, pole na kazi. Nilikuwa karani wa madai ya bima katika hospitali moja hapa Arusha, na sasa ninaandaa madai ya kliniki za Marekani kwa njia ya mtandao. Nimeletewa jalada la mgonjwa wa kisukari aina ya pili anayetumia insulini, ambaye daktari alimtoa kihisi cha sukari, yaani kifaa kidogo kinachopima sukari mwilini mfululizo, kilichokuwa chini ya ngozi ya mkono wa kushoto na siku hiyohiyo akampandikizia kipya mkono wa kulia. Mwenzangu anashauri niandike 0447T ya kutoa pamoja na 0446T ya kuweka, kwa kuwa daktari amefanya kazi mbili. Je, yuko sahihi?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Hapana. Misimbo ya CPT, yaani namba za kutambulisha kazi za kitabibu kwenye madai, ambayo hutungwa na Chama cha Madaktari cha Marekani, imeipa kazi hiyo namba yake, 0448T, yaani kutoa kihisi, kutengeneza mfuko mpya chini ya ngozi sehemu nyingine ya mwili, kuweka kihisi kipya na kuwasha mfumo. 0446T ni ya anayewekewa bila kutolewa kingine, na ndani yake yamo mafunzo ya mgonjwa, hivyo mafunzo hayo hayadaiwi tena kando. 0447T ni ya kutoa tu, kama mgonjwa ameamua kuachana na kifaa. Ukiitenganisha kazi ambayo msimbo mmoja umeikusanya, mlipaji ataona unataka kulipwa mara mbili, na si ajabu akaanza kuyachungulia hata madai yako mengine.

Hata hivyo, soma kwanza ripoti ya daktari. Iseme ni mkono upi uliochanwa kutoa kihisi, kipya kimewekwa wapi, na ni cha muda gani. Maneno “kihisi kimebadilishwa” peke yake hayatoshi kukutetea. Vihisi vya Eversense, ambavyo ni vya aina hii ya kupandikizwa, viliidhinishwa Marekani mwaka 2018 vikidumu siku 90, vikafuata vya siku 180 mwaka 2022 na vya siku 365 mwaka 2024. Ikiwa mgonjwa yuko Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, na amewekewa cha siku 365, tangu Januari 2025 ipo misimbo ya pekee: G0564 ya kuweka, na G0565 ya kutoa na kuweka kipya. Herufi T mwishoni mwa ile mingine huonyesha kwamba ni misimbo ya muda ya teknolojia inayochipukia, na kuwepo kwa msimbo si ahadi ya malipo. Kwa bima binafsi, ulizia idhini kabla mgonjwa hajapigwa ganzi.

Usomaji wa takwimu za kihisi una msimbo wake, 95251, unaohitaji takwimu za saa zisizopungua 72 na usiodaiwa zaidi ya mara moja kwa mwezi. Kihisi kilichowekwa leo hakina takwimu hizo.

Kwa maoni yangu, kinachowaponza zaidi waliotoka kwenye madai ya hapa nyumbani ni msimbo wa ugonjwa. Toleo la Shirika la Afya Duniani la ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ni fupi, ilhali Marekani, tangu Oktoba 2015, inatumia toleo lake lenye tarakimu zaidi, na dai lenye msimbo uliokatika hurudi bila kusomwa. Kama daktari ameandika kwamba mgonjwa huyo hushukwa na sukari bila kupoteza fahamu, E11.6 haitakubaliwa, andika E11.649, kisha uongeze Z79.4 ya matumizi ya muda mrefu ya insulini. Kwa kisukari aina ya kwanza, E10, nyongeza hiyo haina haja, kwani insulini ndiyo tiba yake siku zote.

SWALI: Shangazi yangu yuko Medicare na ana kihisi hicho. Atakuja Moshi kwa miezi kadhaa. Kikiisha muda akiwa huku, je, bima yake italipia?
Msomaji, Soweto, Moshi

JIBU: Kwa kawaida Medicare hailipii matibabu ya nje ya Marekani, isipokuwa katika hali chache sana. Mwambie aangalie tarehe ya mwisho ya kihisi kabla ya kukata tiketi na, ikiangukia ndani ya safari, azungumze na daktari wake kuhusu kukibadilisha kabla hajaondoka. Kwa vyovyote aje na glukometa, yaani mashine ya kupima sukari kwa tone la damu, na vijiti vyake vya kupimia vya kutosha, kwa sababu kihisi kilichoisha muda huacha kutoa majibu.