Bwana Samaki, korongo wananimalizia sato

Masika yakikatika, vijito na madimbwi hukauka, na ndege wa majini huhamia kwenye mabwawa yetu ya nyuma ya nyumba, ambako maji hayaishi na samaki wamenona. Ndiyo maana maswali ya mwezi huu karibu yote ni ya wezi.

Shikamoo Bwana Samaki. Nina bwawa la mita 10 kwa 15, nilipanda vifaranga 450 vya sato mwezi Machi. Kila alfajiri namkuta ndege mrefu wa kijivu amesimama kimya pembeni. Nilisimamisha sanamu ya mtu, akakimbia siku tatu tu. Sasa anasimama karibu nayo. Nifanyeje? (Mama mfugaji, Kibaha)

Marahaba, mama. Pole sana. Huyo ni korongo wa kijivu, na kwa siku anaweza kula gramu 300 hadi 500 za samaki. Ukimwachia miezi mitatu, piga hesabu mwenyewe.

Sanamu, mikanda ya kaseti na CD za kuning'iniza hufanya kazi siku chache, kisha ndege anagundua kwamba hazimdhuru. Tazama badala yake namna anavyowinda. Hatui majini. Anatua juu ya tuta, anashuka kwa miguu, anasimama kwenye maji mafupi na kungoja. Kwa hiyo anayempa kazi ni ukingo wa bwawa lako. Mabwawa mengi ninayokagua yana kingo zilizolala kama ufuko, maji ya kifundo cha mguu kwa hatua mbili tatu, na hapo ndipo vifaranga hupenda kuota jua.

Ukivuna na kukausha, chimba upya ili pembeni tu maji yawe na kina cha sentimita 60, na katikati yafike mita 1 au zaidi. Najua udongo wa Kibaha ni wa kichanga na ukingo mkali utaporomoka, hivyo panga viroba vilivyojazwa mchanga au mawe upande wa ndani.

Wakati unangoja mavuno, zungushia bwawa kamba mbili juu ya vigingi vifupi: ya kwanza sentimita 20 kutoka ardhini, ya pili sentimita 40, zote karibu na maji. Zikaze. Korongo akitembea akagusa kamba kifuani, mara nyingi hurudi nyuma. Watupie samaki maficho pia: mafungu ya mianzi, vipande vya bomba kuukuu, vigae. Na chakula usiwape alfajiri kando ya ukingo. Wape saa nne asubuhi, jua limeshapanda na hewa majini imeongezeka, tena umwage sehemu yenye kina.

Jambo moja la haki: korongo mwenye kichwa cheusi unayemwona shambani mara nyingi anatafuta panya na panzi, na yangeyange wanaofuata ng'ombe wanakula wadudu. Si kila mwenye miguu mirefu ni mwizi.

Kwetu si korongo. Ni ndege weusi wanaopiga mbizi, wanakuja kundi zima. Kuna na kadogo keusi na keupe kanakosimama angani kisha kanajitupa majini. (Msomaji, Magu)

Weusi ni mnandi, na huyo mdogo ni mdiria. Kwao kina cha ukingo hakisaidii, maana mnandi hufuata samaki chini kabisa. Udhaifu wake uko kwenye kuruka: anahitaji kukimbia juu ya maji kabla ya kupaa. Ukivuta kamba kutoka tuta hadi tuta, anaogopa kutua mahali asipoweza kutokea. Mdiria hupita katikati ya kamba bila shida, lakini anachukua vifaranga tu, kwa hiyo walee kwanza kwenye kibwawa kidogo kilichofunikwa wavu, uwahamishe wakishakua.

Juu ya wavu, sikilizeni vizuri. Uvutwe ukakamae juu ya maji, uwe wa nyuzi nene zinazoonekana na matundu ambayo kichwa cha ndege hakipenyi. Msitumie timba, ile nyavu ya uzi mwembamba wa plastiki. Ndege haioni, anajinasa, anakufa akining'inia, na usiku hata bundi ataingia. Wavu uliolegea nao unazama majini na kunasa samaki wenyewe.

Jirani ananishauri nipake dawa ya wadudu kwenye dagaa niwategeshee ukingoni. Anasema ndege wataisha kwa siku moja. (Msomaji, Busia, Kenya)

Hapana. Nakuomba usifanye hivyo, na umwambie jirani naye asifanye.

Wewe uko Busia, huna haja ya kwenda mbali kupata mfano. Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, watu walitia kabofurani, dawa ya wadudu, ndani ya konokono ili kuwaua ndege wa majini, na nyama ya ndege hao ikaliwa na watu. Dawa ile ni sumu kali kwa binadamu pia. Hujui dagaa wako atabebwa na nani: mbwa wa nyumbani, kuku, mtoto anayecheza karibu na bwawa. Ndege akifia majini, umeweka sumu kwenye chakula utakachouza.

Sheria nayo ipo, ya Kenya ya 2013 na ya Tanzania ya 2009, zote za kuhifadhi wanyamapori. Kama hasara imekuzidi, nenda kwa maofisa wa wanyamapori ukatoe taarifa.

Nimejenga banda la kuku juu ya bwawa ili kinyesi kirutubishe maji. Sasa kenge anakula mayai, anakula na samaki. Na tuta limeanza kuvuja. (Msomaji, Mvomero)

Hayo yote ni jambo moja. Kenge wa majini anaweza kufika mita 2, anaogelea na kupanda vizuri, na huchimba mashimo kwenye matuta. Huko ndiko maji yanakopita. Banda lako limemwekea mezani mayai, vifaranga vya kuku na samaki.

Waya wa kuku haumzuii, anaupanda kwa kucha. Tumia mabati: sentimita 60 au 70 juu ya ardhi, 20 hadi 30 chini. Tawi lolote linaloinamia ndani likatwe, la sivyo atalitumia kama daraja. Fyeka nyasi za tuta ziwe fupi, ziba mashimo kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, okota mayai kila siku, na matumbo ya samaki yafukie mbali. Kichuguu kilicho karibu kichunguze, kwa sababu jike hupenda kutaga humo.

Nikipasua sato nakuta vijipunje vya njano kwenye nyama. Ni ugonjwa gani? (Msomaji, Songea)

Ni watoto wa minyoo. Minyoo wazima hukaa mdomoni na kooni mwa korongo na ndugu zake, mayai yanaanguka majini, yanapitia kwa konokono, kisha wanaingia kwa samaki. Hutamaliza ndege wote wa Songea, lakini konokono unaweza kuwapunguza: ng'oa majani ya majini pembeni, kausha bwawa kila baada ya mavuno. Samaki akiivishwa vizuri hadhuru, ila mnunuzi akiona atamkataa.

Sijaona ndege wala kenge, lakini vifaranga 1,000 wameisha. Maji nilijaza wiki tatu kabla ya kupanda. (Msomaji, Mbinga)

Wiki tatu ndizo zilizowaua. Maji yakikaa hivyo bila samaki, kereng'ende wanataga, na watoto wao huishi majini wakila vifaranga. Kuna pia mdudu anayeogelea chali. Huyu wa chali hupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo utando mwembamba wa mafuta ya kula siku isiyo na upepo, kabla ya kupanda samaki, humuua. Mtoto wa kereng'ende hapumui hivyo, mafuta hayamgusi.

Kausha mpaka ardhi ipasuke, tia chokaa, jaza maji kupitia chujio, na upande ndani ya siku saba. Chujio lisiwe chandarua chenye dawa, kwani dawa hiyo huua samaki. Na mtafute kambare, naye hula vifaranga. Hupita na maji ya mfereji, hata kutambaa nchi kavu usiku wa mvua. Ukikausha hujichimbia matopeni, maji yakirudi naye anarudi, kwa hiyo vidimbwi vinavyobaki chini ya bwawa ndivyo vya kumwagia chokaa kwanza.