Kabla ya kupanda mchicha jalalani, ulizeni taka zitaenda wapi

Mtaani kwetu Pasua, hapa Moshi, kulikuwa na kipande cha ardhi katikati ya mfereji na nyumba za wapangaji. Siku tulipoanza kukilima, jembe halikuzama, lilinasa. Chini ya magugu kulikuwa na mifuko ya rambo tabaka kwa tabaka, ile iliyopigwa marufuku Juni 2019, bado mizima kama imetupwa jana. Tuliing'oa kwa mikono siku nzima.

Kesho yake tukapanda mchicha. Wiki haikuisha, matuta yakawa yamefunikwa na maganda ya ndizi, majivu na nepi. Nilikasirika sana, nikapita nyumba kwa nyumba kulalamika. Bibi wa nyumba ya kona akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, sawa, umepanda mchicha. Sasa hii ndoo yangu nikaimwage wapi?"

Sikuwa na jibu, na swali lile ndilo lililobadilisha kila kitu. Jalala halikuwa pale kwa sababu watu ni wachafu. Lilikuwa pale kwa sababu ndoo zilikuwa zinajaa kila siku, na gari la taka halipiti kila siku.

Kwa hiyo nawashauri mnaotaka kuanza: anzeni na shimo la mboji, mbegu zitasubiri. Sisi tulichimba mawili, moja linajazwa, jingine linaiva. Maganda, mabaki ya mboga na majani huingia humo, na kila safu inafunikwa kwa majani makavu au udongo kidogo ili nzi wasije. Plastiki, chupa na nepi hukaa kwenye viroba kusubiri gari. Wengi wetu tumekulia migombani, kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, ambako ganda la ndizi na samadi hurudi kwenye shina la mgomba siku ileile. Hapakuwa na jalala kule. Maarifa tulikuwa nayo tangu utotoni, tuliyaacha tu tuliposhuka mjini.

Jambo la pili, msile mboga zilizoota moja kwa moja kwenye jalala la zamani. Betri na takataka zilizochomwa huacha madini ya risasi na sumu nyingine ardhini, na hizo haziondoki kwa kumwagilia maji. Pale chini tulipanda maua na miti ya kivuli. Mboga tuliziweka kwenye magunia, kwa udongo tulioutoa kwingine na kuuchanganya na samadi iliyooza vizuri.

Gunia lina ufundi wake. Chukua kopo kubwa la rangi lililotolewa kitako, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, kisha jaza udongo pembeni. Livute kopo juu taratibu, kokoto zibaki, ujaze tena, hivyo hivyo mpaka juu. Mwisho unapata nguzo ya kokoto inayopeleka maji mpaka chini. Bila nguzo hiyo, mboga za juu zitanawiri na za ubavuni zitakauka. Toboa matundu ubavuni, pandikiza mnafu au sukuma wiki, na juu mwaga mchicha, ambao baada ya wiki tatu au nne unaanza kuchuma.

Ruhusa nayo muipate kwa maandishi. Tulipojaribu sehemu nyingine kabla ya hapa, tulipewa ruhusa ya mdomo tu, na siku moja tukakuta lori limemwaga matofali juu ya mboga zetu. Inauma mpaka leo. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kikao kikae, muhtasari uandikwe na upigwe mhuri. Mkiwa kando ya mto, ulizeni kwanza: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Mpaka wa bustani tuliuweka kwa mimea ya masale. Uchaggani jani la sale ndilo la kuombea msamaha na ndilo la kuonyesha mpaka wa kihamba, na tangu tuyapande hakuna aliyemwaga ndoo ndani yake. Wazo lilikuwa la yule bibi wa nyumba ya kona. Vipando vilitoka uani kwake, na shimo la mboji sasa analisimamia yeye.