Maswali yenu: Mtoto karudi zuu anakumbuka ndoo tu

Toleo lililopita niliomba mniandikie kuhusu hizi programu za watoto na vijana kwenye bustani za wanyama (zuu), za likizo, za wikiendi, za kulala hukohuko na za kujitolea, basi mmeandika mpaka nikaogopa. Nimechagua sita. Za nyoka zilikuwa tatu, nimeziunganisha maana wote mnaogopa kitu kilekile.

SWALI: Anti habari za kazi. Nina mtoto wa miaka 4, nimemwandikisha darasa la wadogo zuu, dakika 45 mara moja kwa wiki. Siku ya kwanza karudi namuuliza umeona nini, ananiambia ndoo. Ndoo! Kapita kwa twiga, kwa kobe, kwa ndege wa kila rangi, ila stori yote ni ndoo ya yule dada wa zuu. Nahisi natupa hela, au bado mdogo? – Mama wa mmoja

JIBU: Mama wa mmoja nimecheka sana ila hela hujatupa. Hebu muulize ndani ya ndoo kulikuwa na nini, alafu kaa kimya umsikilize. Mtoto wa miaka 4 akisimama karibu na twiga anaona miguu, akiinua kichwa anaona tumbo na mawingu, sa ndoo iko usawa wa macho yake, ina majani, ina harufu, na keshagundua kila ndoo ikitokea mnyama anasogea. Yaani bila kuambiwa na mtu keshajua mnyama anakula nini na kwamba anamtambua anayemlisha. Wewe ulitaka aje na nini, jina la kisayansi?

Darasa zuri la umri huo huwa na kitu kimoja kwa siku, leo manyoya, wiki ijayo nyayo, wiki nyingine mayai. Ukiona mwalimu anapitisha wanyama kumi ndani ya dakika 45 ujue anakimbizana na saa.

Na wewe mkimaliza darasa msikimbilie geti. Rudini kwa twiga, mmoja tu, muangalieni dakika kumi wakati ametulia hali kitu. Twiga anacheua kama ng'ombe, na kwa ule urefu wa shingo utaona bonge linapanda chini ya ngozi kutoka kifuani mpaka mdomoni, kama lifti, anatafuna taratibu, alafu anameza unaliona linashuka tena, anatulia kidogo, linapanda lingine. Mi mara ya kwanza kuliona nilikuwa mtu mzima kabisa, nilikuwa nimeshapita kwa twiga mara sijui ngapi ila sikuwahi kusimama. Mkimaliza mwambie aguse shingo yake kwa nyuma, asikie vifupa. Twiga ana pingili 7 za shingo, na yeye anazo 7 hizohizo. Hilo hatalisahau, ingawa ndoo bado itakuwa namba moja.

SWALI: Kambi ya likizo wametutumia fomu wanasema watoto watashika nyoka. Anti, NYOKA. Mwanangu ana miaka 8 na nyuma yake kuna mdogo wake wa miaka 3 ambaye siku ya wazazi naye ataruhusiwa. Nisaini au nisisaini? – Baba mwenye wasiwasi (na wengine wawili)

JIBU: Kaka, wa miaka 8 saini. Nyoka wanaotolewa kwenye vipindi vya watoto si wa sumu, ni wale waliozoea kushikwa, na anayemshika kwa kweli ni mhudumu, mtoto anagusa mgongo kwa vidole viwili, kuelekea mkiani, kichwani hapana. Watoto wengi wanashtuka kukuta ngozi ni kavu, maana wameambiwa nyoka ana utelezi. Na mwambie aangalie ule ulimi unaotoka na kurudi, sio kwamba nyoka anatisha watu, anachukua harufu ya hewani anaipeleka kwenye kiungo kilichoko juu ndani ya mdomo, ndo pua yake ya pili hiyo.

Wa miaka 3 aangalie tu, asiguse. Tatizo si meno. Nyoka, kobe, mijusi na jamaa zao wengi wanabeba bakteria wa salmonela bila wenyewe kuumwa, na wataalamu wa afya wanashauri watoto chini ya miaka 5 wasiwashike kabisa, maana mkono wa mtoto mdogo kituo kinachofuata ni mdomoni. Kobe naye yumo, hapo wazazi wengi ndo mnateleza, mnaogopa chatu alafu mnamruhusu mtoto kumbusu kobe.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kambi usiulize wanyama wangapi, uliza bomba la maji liko wapi. Nataka maji yanayotiririka na sabuni, pale pale karibu na wanyama, na wanawe KABLA ya kula, sio jeli ya mkononi peke yake maana kuna vijidudu jeli haiviwezi na kama mkono una uchafu ndo kabisa. Pia hawatakiwi kula ndani ya eneo la kushika wanyama. Na chunguza hili: je mhudumu huwa anasema "leo huyu kachoka, hatumtoi"? Sehemu inayosema hivyo mbele ya watoto waliokuwa wanasubiri kwa hamu, watoto wakanuna, mi ningempeleka wangu hata kesho. Hapo wamefundishwa kwamba mnyama naye ana siku yake.

SWALI: Shikamoo Anti. Nina miaka 15, nimeingia kwenye kundi la vijana wa kujitolea zuu. Nilifikiri ntafanya kazi na simba. Mwezi wa pili huu nafagia, nakata karoti, na nasimama na karatasi kuhesabu mnyama amelala au amekaa. Marafiki wananicheka. Niache? – Mpenda simba

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Simba hutamshika, nakwambia mapema usije ukasubiri mpaka uote mvi. Hata wahudumu wenyewe wa simba hawaingii naye, wanamhamisha upande wa pili, wanafunga mlango katikati, wanahakiki kufuli alafu ndo wanaingia kufagia. Wakitaka kumpima au kumchoma sindano wanamfundisha kwa miezi aje mwenyewe alaze ubavu kwenye wavu, akifanya anapewa kipande cha nyama. Hamna kumlazimisha, akikataa anaondoka zake na somo limeisha kwa leo. Uliza siku ya hayo mafunzo ukaangalie kwa mbali, ni tamu kuliko kushika.

Sasa njoo kwenye karatasi yako unayoidharau. Wanayokupa ni ile ya kila dakika moja unainua macho, unaandika mnyama anafanya nini muda huohuo, sio alichofanya kabla wala atakachofanya, anatembea, anakula, amelala, anajikuna, haonekani. Inachosha, najua. Ila watafiti wa tabia za wanyama wanafanya hivohivo, porini na zuu. Jaza kurasa zako mwezi mzima alafu zipange kwa saa, utaona vitu. Labda kila ikikaribia saa ya chakula anaanza kuzunguka njia ileile mara 20. Labda wakimfichia chakula ndani ya gogo anatumia dakika 30 kutafuta badala ya 3. Hapo wewe wa miaka 15 unaweza kumwambia bosi kitu ambacho hakijui, maana yeye hana dakika za kusimama pale.

Na kufagia usikuone kudogo. Kinyesi ni gazeti la mnyama, daktari anakisoma kujua kama kuna minyoo, na maabara wanaweza kupima homoni humohumo wakajua jike ana mimba au ana msongo, bila hata kumgusa. Siku nyingine muombe akuonyeshe kwenye hadubini. Akikataa muombe tena.

Usiache. Ila kama miezi sita inaisha na bado ni ufagio tu, hamna karatasi, hamna anayewaelekeza, hamna hata siku moja mmefundishwa namna ya kuongea na wageni, hapo wamepata wafagiaji wa bure na una haki ya kuuliza.

SWALI: Mimi ni mwalimu, napeleka wanafunzi 40 wa miaka 11 na 12. Mwaka jana tuliona kila kitu na hawakumbuki chochote, karatasi za maswali walinakiliana kwenye basi. – Mwalimu aliyechoka

JIBU: Mwalimu pole, tatizo liko hapo kwenye "kila kitu". Na yale maswali ya kunakili kutoka kwenye ubao wa banda (anatoka bara gani, anaishi miaka mingapi) mtoto anajibu akiwa amempa mnyama mgongo, nimewaona kwa macho yangu, kichwa kiko kwenye ubao, nyuma huku nguchiro wanapigana vita vya dunia.

Wagawe makundi ya watano watano, kila kundi mnyama mmoja na swali moja ambalo jibu lake haliko kwenye ubao. Nani anaongoza kwenye hili kundi la nyani na umejuaje? Bundi anaangaliaje nyuma bila kugeuka? (Macho yake hayazunguki, yamekaa tu, ndo maana shingo ina pingili 14 na inageuka karibu robo tatu ya mzunguko, ila waache wahangaike kwanza.) Wiki moja kabla pigia ofisi ya elimu ya zuu waambie mnasoma nini muhula huu, wengi wanapanga kipindi kiendane na silabasi yako, shida walimu hatusemi tunatokea tu na basi. Nimesema "tunatokea" kwa sababu na mimi nilifundisha miaka, dhambi hiyo ninayo.

SWALI: Mnatangaza hizi programu kama kitu kizuri, ila zuu ni jela. Unamfundisha mtoto kupenda wanyama kwa kumpeleka kumwangalia mfungwa? – Msomaji mwenye hasira

JIBU: Ndugu yangu hoja yako siipuuzi, zuu nyingine kweli ni jela na mtoto hatakiwi kupelekwa. Kuna sehemu nilimpeleka mpwa wangu, dubu anatembea hatua sita, anageuka, hatua sita, anageuka, sakafu imelika pale anapogeukia. Mpwa akauliza kwanini anafanya vile, yule kijana mwongozaji akamjibu anafanya mazoezi. Uongo ule uliniuma kuliko hata banda. Mazoezi gani, yule mnyama hana cha kufanya.

Ila na upande huu upo. Choroa wa Uarabuni, yule mnyama jamii ya swala mwenye pembe ndefu, wa mwisho porini aliuawa Oman 1972. Wangekuwa wameisha, ila kuanzia 1963 wachache walishakusanywa kwenye zuu ya Phoenix kule Marekani, wakazaliana, na 1982 wakarudishwa jangwani Oman. Na kondori wa California, ndege mkubwa mla mizoga, 1987 alikamatwa wa mwisho aliyebaki porini, dunia nzima walikuwa 27 tu. Vifaranga wengine walilishwa na kikaragosi cha mkononi chenye sura ya kondori, mtu kajificha nyuma, ili wasije wakadhani mama yao ni binadamu. Walianza kuachiwa 1992, leo wapo mamia.

Ila mi nataka watoto waambiwe na sura ya pili. Choroa wa Oman walifika 450 mwaka 1996, majangili wakarudi, 2007 walibaki kama 65, na hifadhi yao ikafutwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, ya kwanza kabisa kufutwa. Nchi nyingine waliendelea kurudishwa, na 2011 hali ya spishi ikatangazwa ni nafuu kuliko zamani. Vijana wa miaka 14, 15 wape stori hiyo nzima uone watakavyobishana, ni kipindi cha saa mbili hicho. Programu inayowaonyesha choroa kurudi tu alafu makofi, inawadharau.

Kwa hiyo kabla ya kulipa nenda mwenyewe siku ya kawaida, simama mbele ya mnyama mmoja, alafu muulize mwongozaji swali gumu la yule dubu. Akikwepa rudi nyumbani.

SWALI: Anti mimi nina miaka 8. Tutalala zuu usiku. Wanyama nao watalala? – Mimi

JIBU: Wengine watalala mwanangu, ila wengine ndo wataamka! Simba anaweza kulala mpaka saa 20 kwa siku, kwa hiyo mchana ukimkuta kalala usimkasirikie. Usiku anaamka, na akinguruma sauti inaweza kufika kilomita 8, sasa fikiria wewe uko hatua chache tu ndani ya mfuko wako wa kulalia. Kiboko naye anatoka majini usiku kula majani. Beba tochi yenye mwanga mwekundu kama mnayo, ile nyeupe inawasumbua macho, na usigonge kioo hata kama mwenzio kagonga. Alfajiri kabla ya wengine kuamka usiongee, sikiliza tu, hesabu sauti ngapi unazisikia, alafu uniandikie ni ngapi.